Ameumbwa hivyo au amejifanya?

Kuna swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa kicheko kabla ya kulifikiri. Mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume, lakini moyoni tangu utotoni anajiona mwanamke, je, ana dhambi kwa kule kujiona tu?

Tumtazame Maryam Khatoon Molkara wa Iran. Alizaliwa mwaka 1950, akahesabiwa mtoto wa kiume, na tangu mdogo alitaka nguo za kike. Mwaka 1975 alianza kumwandikia Ayatullah Khomeini, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni Iraq, akiuliza hukumu ya mtu kama yeye. Zingatia hilo, ndugu msomaji. Hakutafuta mlango wa kuikimbia dini. Aliiuliza dini inamtaka aishi vipi. Baada ya mapinduzi ya 1979 alifukuzwa kazi, akalazimishwa kutumia homoni za kiume. Katika miaka ya 1980 alivaa suti ya kiume, akashika msahafu, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Khomeini. Walinzi walimpiga kwanza. Baadaye akasikilizwa, akatoka na fatwa ya kumruhusu kubadilisha mwili wake. Upasuaji aliufanya Thailand mwaka 1997, umri umeshasogea, na akafariki mwaka 2012.

Atasema mtu: hayo ni ya Mashia. Ni kweli, na wanazuoni wengi wa Kisunni hawaukubali upasuaji huo kwa mtu ambaye maumbile yake ya kimwili yako wazi. Huuruhusu kwa huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yenye utata. Mimi si mufti na sitaki kulificha hilo. Lakini swali la kwanza halikuwa la kisu.

Imam Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu huku Pwani tunayafuata, alilieleza jambo hili katika sherehe yake ya Sahih Muslim zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mwanamume mwenye tabia za kike, anaeleza, ni wa aina mbili: aliyeumbwa hivyo, huyo hana lawama wala dhambi, kwani ana udhuru, na anayejifanya kwa makusudi, huyo ndiye aliyekemewa. Sasa nani kati yetu anaweza kuwatenganisha wawili hao kwa kumtazama mtu akipita barazani? Molkara mwenyewe ilimchukua nusu ya umri wake kufikia pale.

Yule kijana wa madrasa mwenye mwendo wa kike, ambaye wenzake wamempachika jina la kejeli na ustadhi naye anacheka, hajatenda lolote. Aya ya 11 ya Suratul Hujuraat, inayokataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, huenda ameihifadhi papo hapo, mbele ya ustadhi huyo huyo.