Akufaaye kwa Dhiki: Juu ya Wanunuzi wa Nyumba kwa Fedha Taslimu

Walimu wenzangu, miongoni mwa methali tunazozifundisha tangu madarasa ya mwanzo, hapana nyingi zilizo nyepesi kueleza kama ile isemayo: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwalimu huiandika ubaoni, huuliza maana, mikono huinuka, na baada ya dakika tano somo limekwisha. Mimi nami nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi hapa Kampala, hata siku moja mwanafunzi mmoja alipoinuka akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo.

"Mwalimu," alisema, "shangazi yangu anakaa Marekani. Alipofiwa na mumewe alishindwa kulipa deni la nyumba. Ikamjia barua kutoka kwa watu asiowajua, ikisema: tutainunua nyumba yako jinsi ilivyo, kwa fedha taslimu, katika siku saba. Shangazi akawauzia. Je, watu hao waliomfaa kwa dhiki ni rafiki zake?"

Darasa zima lilicheka, lakini mimi sikucheka. Nilimwomba anipe muda. Makala haya ni jawabu langu, nami nalitoa mbele yenu ili mlipime.

Kwanza hatuna budi kuielewa biashara yenyewe, maana si haki kulihukumu jambo tusilolijua. Nchini Marekani, mtu atakaye kuuza nyumba kwa njia ya kawaida humwendea dalali. Nyumba hutengenezwa na kupakwa rangi, wateja huja kuitazama, na aliyeipenda huenda benki kuomba mkopo. Tangu mapatano hata fedha kupokewa aghalabu hupita mwezi mmoja au zaidi, na ujira wa madalali, kwa desturi ya miaka mingi, umekuwa kama asilimia 5 au 6 ya bei. Tena nyumba iliyo mbovu, yenye paa livujalo au msingi uliopasuka, huenda benki ikakataa kabisa kuitolea mkopo.

Hapo ndipo waingiapo wanunuzi wa fedha taslimu. Hutundika vibao kwenye nguzo za umeme, hupeleka barua, hupiga simu. Ahadi yao ni kwamba hapana matengenezo, hapana dalali, wala hapana kungoja. Kampuni ya HomeVestors, iliyoanzishwa mjini Dallas mwaka 1996, imejulikana nchi nzima kwa tangazo lake kwamba hununua nyumba zenye sura mbaya. Baadaye zikaja kampuni zitoazo bei kwa hesabu ya kompyuta, kama vile Opendoor, iliyoanzishwa mwaka 2014.

Wengi katika wanunuzi wa nyumba mbovu hufuata kanuni waiitayo ya asilimia 70. Tuseme nyumba, ikisha kutengenezwa, itaweza kuuzwa kwa dola 200,000, na matengenezo yatagharimu dola 40,000. Mnunuzi huchukua asilimia 70 ya ile bei, yaani dola 140,000, akatoa gharama ya matengenezo, akabakiwa na dola 100,000. Hiyo ndiyo bei ya juu atakayokubali kutoa, na kwa kawaida huanza chini yake. Wako pia wasionunua kabisa. Hao hutia sahihi mkataba wa kununua kwa dola 100,000, kisha huuza mkataba wenyewe kwa mtu mwingine kwa dola 115,000, wakaondoka na dola 15,000 bila ya kuimiliki nyumba hata kwa siku moja.

Msomaji asiharakishe kukasirika. Haraka yenyewe ni huduma, na huduma ina ujira wake. Mtu ambaye nyumba yake itapigwa mnada mwezi ujao hafaidiki na bei nzuri itakayopatikana baada ya miezi sita. Mzee asiyeweza kupanda ngazi kuziba paa huona nafuu kupokelewa mzigo ule. Mnunuzi naye hubeba hatari: huenda akakuta mchwa asiowatazamia, au bei zikaanguka. Kampuni ya Zillow, iliyoingia katika ununuzi wa nyumba mwaka 2018, ilitangaza Novemba 2021 kwamba inaiacha kazi hiyo baada ya kupata hasara kubwa. Kwa hiyo, asemaye kwamba kila mnunuzi wa namna hii ni mnyang'anyi, amesema neno asiloweza kulithibitisha.

Basi ubaya, kama upo, unaanzia wapi? Naona unaanzia katika njia ya kumpata muuzaji. Huko Marekani, kesi za madeni ya nyumba, habari za mirathi, na orodha za kodi zisizolipwa, kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu zilizo wazi kwa umma. Wapo wanunuzi wazikusanyao habari hizo na kutengeneza orodha ya majina: huyu amefiwa, yule ameachana na mkewe, huyu ana deni, yule ni mzee akaaye peke yake. Barua iliyomfikia yule shangazi huenda haikupotea njia ikaangukia mlangoni pake. Huenda ilitumwa kwa sababu ya msiba wake. Mnunuzi wa namna hii, agongapo mlango, hujua mambo mawili: thamani ya nyumba na ukubwa wa shida. Mwenye nyumba hujua moja tu, nayo ni shida.

Watetezi wa biashara hii husema: "Lakini muuzaji alitia sahihi kwa hiari yake, ni mtu mzima, hakushikiwa bunduki." Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani kumfanya mtu mzima kuwa mtoto ni kumvunjia heshima. Hata hivyo tumezoea kusema kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Mkono wa mfa maji hushika chochote upewacho. Je, kule kushika tutakuita kuchagua? Nadhani ridhaa ina sharti mbili: mtu ajue anachokitoa, na awe na njia nyingine japo moja aliyoiona kabla ya kuiacha. Palipokosekana vyote viwili, sahihi ipo, lakini ridhaa haijakamilika.

Swali hili si geni. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza wafanya biashara kutoka nje ya mji kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, na ikapokewa kwamba muuzaji aliyelakiwa hivyo, akisha kufika sokoni, ana hiari ya kuivunja biashara. Sababu waitoayo wanazuoni ni nyepesi kufahamika: mtu wa msafara hajaijua bei ya soko, na aliyemlaki amekwisha kuijua. Mwenye nyumba aliyejifungia na msiba wake ni kama mtu wa msafara, naye mnunuzi amemlaki njiani, kabla hajafika sokoni.

Katika karne ya 13 Thomas Aquinas naye aliuliza kama ni halali kumwongezea mnunuzi bei kwa kuwa ana haja kubwa ya kitu. Alijibu kwamba muuzaji aweza kudai fidia ya hasara itakayompata yeye mwenyewe kwa kukitoa kitu chake. Bali ile haja ya mnunuzi si mali ya muuzaji, na mtu hana haki ya kuuza kisicho chake. Tuigeuze hoja hiyo upande wa pili, nasi tutapata kipimo tunachokitafuta. Mnunuzi wa fedha taslimu ana haki ya kukata katika bei gharama ya paa, hatari ya mchwa, ujira wa kazi yake na thamani ya haraka yake, kwa kuwa hayo ni yake. Lakini akikata tena kwa sababu mwenye nyumba amefiwa, anaogopa, na hajui bei, basi anajilipa kwa kitu ambacho hakukileta yeye. Msiba ule ni wa mjane. Haraka ina bei. Dhiki ya mwenzio haina bei.

Sheria nazo zimejaribu kuweka mpaka. Sheria ya Madai ya Ufaransa ina kifungu kimlindacho auzaye nyumba au ardhi. Ikiwa amepunjwa zaidi ya sehemu saba katika kumi na mbili za thamani, yaani kitu cha 120,000 kimeuzwa chini ya 50,000, ana muda wa miaka miwili wa kuomba mauzo yavunjwe, hata kama katika mkataba alitamka kwamba ameiacha haki hiyo. Watunga sheria walijua kwamba mwenye dhiki, aliyeuza nyumba yake kwa bei ya dhiki, atatia sahihi hata ya kuiacha haki yake.

Marekani kwenyewe mambo yanakwenda polepole. Tangu miaka ya 1970 ipo kanuni ya serikali imruhusuyo mtu aliyeuziwa kitu nyumbani kwake na mchuuzi wa mlango kwa mlango kuvunja mapatano ndani ya siku tatu za kazi. Lakini kanuni hiyo haihusu nyumba wala ardhi. Mama aliyenunua sufuria mlangoni ana siku tatu za kujuta. Mama huyo huyo, akiiuza nyumba yake juu ya meza ile ile, kwa kanuni hiyo hana hata moja. Hata hivyo hatua zimechukuliwa. Mwaka 2021 jimbo la Oklahoma lilipitisha sheria ya kuwataka wauzao mikataba ya namna niliyoieleza wawe na leseni. Na mwaka 2022 Tume ya Biashara ya serikali kuu iliituhumu Opendoor kwamba iliwaahidi wauzaji fedha nyingi kuliko za sokoni, ilhali wengi walipata pungufu kwa maelfu ya dola. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 62.

Nasi huku tusijione kuwa wasafi. Ni kweli kwamba sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake, na sheria ya ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inafuata njia hiyo hiyo juu ya ardhi ya jamaa. Sheria hizo zimekiri kwamba nyumba si kama sufuria: si jambo la mtu mmoja wala la saa moja. Lakini nani asiyemjua mjane aliyenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu, bila ya barua, bila ya siku saba, wala bila ya hiyo bei ndogo? Tumkosoapo mnunuzi wa mbali, tukumbuke pia walio karibu nasi.

Lakini sheria hushika mkono tu, haiufikii moyo. Ndiyo maana napenda kisa alichokiandika Cicero katika kitabu chake juu ya wajibu, mwaka 44 kabla ya Kristo. Scaevola alitaka kununua shamba, akaomba atajiwe bei ya mwisho. Muuzaji akaitaja. Scaevola akasema kwamba yeye analithamini shamba lile zaidi ya hapo, akaongeza sesterti 100,000. Cicero asema kwamba hapana aliyekana kuwa tendo lile lilikuwa la mtu mwema; walilokana ni kuwa lilikuwa la mtu mwenye busara. Hoja hiyo ingali hai. Wengi wetu twaukubali wema, ila twauogopa usije ukatupunguzia faida.

Sidai kwamba kila mnunuzi awe Scaevola. Nadai jambo dogo zaidi: amwambie muuzaji, kabla ya sahihi, nyumba ile ingeuzwa kwa kiasi gani sokoni, na kwamba yeye anakata kiasi gani kwa ajili ya haraka, kisha amwache alale usiku kucha na karatasi ile, apate kumwuliza mwanawe au jirani. Akisha kufanya hayo, na muuzaji akaridhia, biashara hiyo ni halali, hata ikiwa bei ni ndogo.

Nilirudi darasani na jawabu langu, nikaliandika ubaoni kama somo la sarufi, kwa kuwa neno lenyewe limo katika lugha yetu. Kihusishi "kwa" kina kazi nyingi. Twasema "alilia kwa uchungu", tukieleza hali. Na twasema "alikata kwa kisu", tukieleza chombo. Katika methali, akufaaye kwa dhiki ni yule akufaaye ungali katika hali ya dhiki. Lakini yuko mwingine afaidikaye kwa dhiki yako kama mkataji afanyavyo kazi kwa kisu: dhiki ndiyo chombo chake. Wote wawili huja siku ile ile, hugonga mlango ule ule, na huenda wote wameshika fedha mkononi. Rafiki ni yule ambaye, dhiki yako ikiondolewa usiku huo, kesho yake bei yake ingebaki ile ile.

Yule mwanafunzi alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba shangazi yake hupiga simu mara kwa mara, naye husema maneno mawili yasiyopatana: kwamba usiku ule alipolipwa alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kwamba baada ya miezi michache alipita njia ile, akaiona nyumba yake imepakwa rangi, na bei iliyoandikwa mlangoni, hawezi kuitaja bila ya kulia.

Sikuwa na la kuongeza. Walimu wenzangu, uwanja ni wenu.