Sauti ya Mmoja na Wajibu wa Wasikilizaji

Tangu zamani msimulizi wa hadithi za Kiswahili hakuanza kusimulia kabla ya kuomba ruhusa. Alisema, "Paukwa!" kisha akangoja. Kama wasikilizaji hawakuitika, hadithi haikuanza. Walipoitika, "Pakawa!" walikuwa wamefanya mambo mawili kwa neno moja: wamempa ruhusa ya kusema, nao wamejifunga kusikiliza. Kwa hiyo hadithi ilikuwa mapatano baina ya pande mbili, wala haikuwa mali ya msimulizi peke yake. Tena msimulizi aliwaona wasikilizaji wake. Mtoto aliposinzia, alipandisha sauti. Na kama miongoni mwao alikuwapo mjane, alijua namna ya kupunguza makali ya kisa cha mjane.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza mapatano hayo yamekuwaje tangu sauti ya mwanadamu ilipopata uwezo wa kusafiri bila ya mwili wake. Kwanza zilikuja sahani za santuri. Kisha, mwaka 1951, Dar es Salaam ilianza kutangaza kwa redio, na mwaka 1965 kazi hiyo ikashikwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku hizi hata simu ya mkononi hubeba visa vilivyorekodiwa. Mtu mmoja aweza kusimulia jambo lililompata, likasikiwa na maelfu ya watu asiowaona. Yeye anasema "Paukwa", lakini "Pakawa" yao haimfikii. Swali letu, basi, si la mitambo bali ni la maadili: kisa cha mtu mmoja huwaje kisa cha watu wote, na yule anayekisikia anadaiwa nini?

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zinapingana. Ya kwanza husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kwamba uchungu wa mtu ni wake, na yeyote adaiye kuujua kwa kusimuliwa tu anajidanganya. Ya pili husema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maana yake ni kwamba lililompata mwenzako lakuhusu, na kichwa chako ndicho kinachofuata. Ikiwa ya kwanza ni kweli, kuna faida gani kumsikiliza mtu akieleza maisha yake? Na ikiwa ya pili ni kweli, yawezekanaje tutie maji kwa sababu ya wembe ambao hatujausikia kichwani mwetu?

Tuanze na mfano ambao wazee wetu wengi wanaukumbuka. Kwa miaka mingi Radio Tanzania ilitoa matangazo ya vifo. Tangazo lilikuwa fupi mno: jina la marehemu, mahali alipofia, jina la ndugu anayesikitika kutangaza, siku ya maziko, kisha orodha ya jamaa ambao habari ziwafikie, mmoja Tabora, mwingine Tanga, mwingine popote alipo. Saa hiyo ilipofika, mazungumzo yalikatika nyumbani. Watoto walinyamazishwa. Mama aliyekuwa akipepeta mchele aliuacha ungo magotini. Mara nyingi marehemu hakuwa mtu wetu, na hatukupata hata siku moja kuonana naye. Hata hivyo tulinyamaza mpaka orodha ikaisha, na mtu mzima mmoja akasema neno la kumwombea.

Yafaa tujiulize ukimya ule ulikuwa wa nini. Hatuwezi kusema kwamba tuliujua uchungu wa wafiwa. Kunguni wa kitanda kile hatukuwajua. Wala tangazo halikujaribu kutuliza. Halikueleza machozi wala kusifu wema wa marehemu. Lilitaja majina na mahali tu. Na kwa sababu lilikuwa na majina, kila aliyesikia alikumbuka kwamba naye anayo orodha yake ya jamaa walio mbali, na kwamba siku moja yeye naye atakuwa ama jina la kwanza katika tangazo ama mojawapo ya majina ya mwisho. Hapa ndipo methali zile mbili zinapopatana. Kisa cha mwenzetu hakitupi ujuzi wa maumivu yake; kinatupa wajibu. Hatuwezi kukilalia kitanda chake, lakini tunaweza kutia maji kichwani petu, na tunaweza kwenda kukaa naye.

Desturi yetu ya matanga inafundisha jambo hilohilo. Jirani ajaye matangani haji kwa sababu anaufahamu msiba kuliko mwenyewe. Anakuja, anaketi mkekani, anasaidia kuteka maji na kupika, na pengine hasemi neno. Kukaa kwake ndiyo "Pakawa" yake.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba kisa cha mtu hupata kuwa cha watu wote kwa kuondolewa mambo yake madogo madogo, yaani jina la kijiji, rangi ya kanga, au saa ya basi. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa hadi leo ni ule wa Kijiti. Kisa chake kilikuwa cha kweli, nacho kilitokea palepale Unguja. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka na mtu huyo kwenda starehe, akauawa. Mwuaji akavuka bahari akatoroka, na walioangukiwa na mkono wa sheria ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wimbo haukuhubiri juu ya dhuluma kwa jumla. Ulitaja watu, ukaeleza mambo yalivyokwenda. Lakini wasikilizaji waliousikia walielewa mara moja ni mzani gani uliokuwa umepotoka, kwa sababu kila mmoja aliwahi kuona mnyonge akilipishwa kosa la mwenye nguvu.

Hata hivyo, hapa panazuka hoja ambayo hatuna haki ya kuiruka. Yule marehemu hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia "Paukwa" akaitika. Je, ni halali kuufanya msiba wake kuwa wimbo unaochezwa barazani na kuuzwa dukani? Sisi tunaona kwamba jibu hutegemea tofauti iliyopo baina ya masengenyo na ushahidi. Yote mawili husimulia mambo ya mtu asiyekuwapo. Lakini msengenyaji humshusha anayesimuliwa ili msikilizaji ajione yu juu zaidi. Mwisho wa masengenyo ni kicheko na kuridhika nafsi. Shahidi humrudishia anayesimuliwa heshima yake, na msikilizaji hujikuta yeye ndiye anayeulizwa: ungalikuwapo, ungalifanya nini? Kipimo hiki chaweza kutumika kwa kila kisa tukisikiacho. Tukimaliza kusikiliza tukajiona bora kuliko mwenye kisa, tumesengenya, hata kama msimulizi alikuwa na sauti tamu na nia njema.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye hakuwahi kuishi. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo ulioitwa "Twende na Wakati". Wakati huo ilikuwa imepita miaka kumi tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi watambuliwe nchini, katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983, na watu wengi walikuwa wamekwisha kusikia maonyo mengi. Mchezo huo haukuongeza onyo jingine. Ulimleta Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya safari zake, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju juma kwa juma, wakamwona akijidanganya, akiugua, akidhoofika. Kwa kuwa katika miaka ya kwanza mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, watafiti walipata nafasi ya kulinganisha wale waliousikia na wale ambao hawakuusikia. Waliona kwamba waliousikia walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na wengi walisema wamebadili mienendo yao kwa kuogopa ukimwi.

Jambo tunalotaka lionekane hapa ni hilo neno "walizungumza". Redio ilisema, lakini haikumaliza. Mazungumzo ya mume na mke, usiku, baada ya redio kuzimwa, ndiyo yaliyokuwa "Pakawa". Mume aliyeona haya kujitaja yeye mwenyewe aliweza kumtaja Mkwaju, na mke akaelewa.

Lakini tusiisifu sauti kupita kiasi. Sauti yenyewe si njema wala si mbaya, na jirani zetu walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1993 kituo cha redio kilichoitwa RTLM kilianza kutangaza nchini Rwanda. Nacho kilijua kusimulia. Kilitumia muziki, mizaha na lugha ya barazani, kikamzoea msikilizaji kama rafiki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kilitaja watu kwa majina pamoja na mahali walipokuwa. Majina na mahali: vitu vilevile vilivyokuwamo katika matangazo yetu ya vifo! Tofauti ni kwamba huku yalitajwa ili watu waende kuzika, na kule yalitajwa ili watu waende kuua. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho, mwezi wa Desemba 2003. Na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilipunguza makosa na adhabu yake, hatia ya uchochezi ilibaki. Mwaka 2004, katika nchi ileile, redio ilianza kutangaza mchezo wa "Musekeweya", unaosimulia uhasama na mapatano ya vijiji viwili. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji anaombwa kufanya.

Mahakama huweza kumhukumu aliyesema. Lakini ni nani atakayemhukumu aliyesikia akakubali? Hapo ndipo tunapoona kwamba kusikiliza ni tendo, na tendo lina mwenyewe. Msikilizaji si chombo kitupu kinachomiminiwa. Aitikiapo "Pakawa" bila kupima anachoitikia, amekwisha kutoa sahihi yake.

Taifa letu liliwahi kujaribu kwa makusudi kumrudishia msikilizaji sauti yake. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo kwa muda wa majuma 12 iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza. Watu waliketi pamoja na kiongozi wao, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Twaweza kusema mengi juu ya upungufu wa kampeni za namna hiyo, lakini muundo wake ulikuwa na hekima: redio ilinyamaza ili watu waseme. Katika duara lile mzazi aliweza kueleza namna mwanawe alivyougua, na mwenzake akajibu kwamba kwake pia ilikuwa hivyo.

Pengine msomaji atauliza: je, kila hadithi lazima izae choo? Je, hatuiui sanaa kwa kuidai kazi? Hoja hiyo ni ya haki. Yako masimulizi ambayo hayadai jembe wala ahadi. Mtoto aliyekisikiliza kipindi cha "Mama na Mwana" hakutakiwa kufyeka chochote. Lakini hata yeye alidaiwa kitu, nacho ni kumsikitikia mnyonge wa hadithi ambaye hakumwona na hakuwa ndugu yake. Jibu la msikilizaji laweza kuwa jembe, laweza kuwa neno, laweza kuwa ukimya kama ule wa matangani. Lisiloruhusiwa ni kutokuwapo kabisa.

Hatari ya siku zetu ni hiyo hasa. Zamani redio moja ilisikilizwa na nyumba nzima, na pengine na mtaa. Leo kila mmoja ana vinasa sauti vyake masikioni, naye husikia peke yake, ndani ya basi lililojaa watu, kilio cha mtu wa mbali. Kikiisha hufuata kingine. Hakuna wa kumtazama usoni. Hakuna anayeacha ungo magotini.

Kwa sababu hiyo tunawaomba walimu wenzetu wasiishie kuwafunza vijana kusimulia tu. Mwanafunzi atumwapo kwenda kurekodi maisha ya bibi yake au ya mvuvi wa kijijini kwao, na aombe ruhusa kwanza. Akimaliza, amsikilizishe mwenyewe alichokichukua. Na kama mwenyewe atasema, "Hili lifute," lifutwe, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Kisha kisa hicho kisikilizwe darasani kwa pamoja, na kabla ya maswali ya mtihani pawepo kimya kidogo, halafu kila mmoja aseme kisa hicho kinamdai nini.

Hatutawajua kamwe kunguni wa kitanda cha mwenzetu. Lakini anapotuambia usiku kwamba hakupata usingizi, twaweza kuacha tunachokifanya tukamwitikia.