Kilo Tano za Maji

Mlioingia ofisini kwetu tangu masika yaanze mmeona mlango unasukumwa kwa bega. Nilimwita fundi aupige randa. Mzee akaupapasa, akakataa kabisa. "Pasta, mlango huu haujaharibika, umekunywa maji. Nikiuchonga sasa, Januari utapitisha mkono hapa." Na ni kweli. Mbao hunyonya unyevu zikapanuka kwa upana (kwa urefu ni kidogo mno), na jua likirudi husinyaa.

Wavuvi wa Takaungu wanaishi na jambo hili. Mashua iliyolala mchangani muda mrefu hukauka, nafasi zikaonekana kati ya mbao. Hata baada ya kupigwa kalafati, ikishushwa baharini huvuja mwanzoni, watu wakitoa maji kwa kopo, mpaka mbao zivimbe zibanane. Hapo kuvimba ndiko kunakookoa watu.

Kwa hivyo, dada yetu mmoja aliponijia Jumatano baada ya maombi, sikukimbilia kusema ni dhambi. Yeye huuza mahindi. "Pasta, wewe si umesomea biashara? Nisaidie." Hununua mahindi huko Marafa yakiwa hayajakauka vizuri. Akiyauza siku hiyo hiyo, uzito ni mzuri. Akiyaanika siku tatu, uzito unashuka na karo ya watoto inashuka nayo. "Mimi sikumwaga maji, Pasta. Maji ameyatia Mungu. Sasa kosa langu ni nini?"

Jibu langu la kwanza lilikuwa la darasani: uzito unaopotea ni gharama, uingize kwenye bei. Akacheka. "Nikipandisha bei wanaenda kwa jirani, na jirani hakuanika." Eh, hapo nikanyamaza.

Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka, Bwana anisamehe. Bodi ya Nafaka, NCPB, hutaka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 katika kiwango hicho, punje zile zile zikiwa na unyevu wa asilimia 18, litasoma karibu kilo 95. Watoto watakaokula ugali ule hawataongezewa hata tonge. Ni kilo 5 za maji kwa bei ya mahindi. Na usiseme utauza kwa pishi badala ya mizani, kwa sababu punje iliyonyonya maji huvimba, pishi likajaa upesi.

Lakini ile hoja ya "maji ya Mungu" ilinikosesha usingizi. Mvua ni yake, kweli. Mizani ya dada haijachezewa, inapima sawasawa kila kilichowekwa juu yake, maji pia. Someni Walawi 19: agizo la mizani ya haki liko katika sura ile ile inayotuagiza kumpenda jirani kama nafsi zetu. Mimi naona hayakuwekwa pamoja bure. Unaweza kuwa na mizani safi na bado ukamwacha jirani gizani, kwa kuwa wewe unajua gunia lina maji na yeye hajui. Mizani imesema kweli. Aliyenyamaza ni muuzaji.

Na maji yale hayapotei hivi hivi. Mnunuzi akiweka gunia ndani, kuvu huanza, na kuvu huleta aflatoksini. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Hakuna aliyewadanganya. Sasa fikiria aliyeuziwa.

Nasema haya nikiwa na deni. Kabla ya kuitwa katika huduma nilifanya biashara ya nafaka hapa Malindi, na nilinyamaza mara nyingi. Mama mmoja alinunua gunia 2, akaniuliza kama yamekauka. Nikamwambia, "Mama, si unayaona?" Akapakia kwenye pikapu kuelekea Gongoni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Zakayo alijua aliowanyang'anya. Mimi jina la yule mama silijui.

Dada nilimfundisha kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi thuluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado hayajakauka. Sasa huweka chupa mezani mnunuzi aone mwenyewe, na ana bei mbili, ya yaliyokauka na ya yasiyokauka. Wiki ya kwanza aliuza gunia moja tu. Jirani yake aliuza sita. Sitawadanganya kwamba mambo yamegeuka.

Shida yake kubwa ni mahali pa kuanika, maana kwake ni mchanga mtupu na kuku. Nimewaomba wazee wa kanisa turuhusu saruji ya uwanja wetu itumike Jumatatu hadi Ijumaa, kwa yeyote mwenye mahindi. Jumamosi tutafagia.