Pesa Haijaingia

Ijumaa moja ya mwezi Mei, jioni, nilikuwa nakunja taulo chumbani kwangu Edinburgh pale ujumbe wa mdogo wangu ulipoingia.

“Dada shikamoo. Mama anasema mjomba anaomba kama una laki na nusu umrushie. Mpunga umeiva, vibarua wanataka hela mkononi. Ndege wameanza kuingia shambani.”

Nilisoma mara mbili. Taulo lile lilikuwa la kwenda nalo baharini. Asubuhi yake mimi na wenzangu wanne wa darasa tulikuwa tunapanda treni kwenda St Andrews kulala usiku mmoja, na mchango wangu, yaani nauli, kitanda cha hosteli na chakula, ulikuwa pauni 50. Nilikuwa bado sijamtumia rafiki aliyekuwa anakusanya. Siku hizo pauni moja ilikuwa zaidi ya shilingi 3,000. Hesabu haikuhitaji kikokotoo: safari yangu na vibarua wa mjomba walikuwa bei moja.

Nikaandika: “Marahaba. Mwambie mama pesa haijaingia. Labda Jumatatu.”

Pesa ilikuwa imeingia siku tatu nyuma.

Lazima nimweleze huyu mjomba ni nani, kwa sababu bila yeye swali langu ni jepesi. Nimekulia Ilembo, Mpanda mjini. Mjomba analima mpunga bonde la Mwamkulu. Nilipopata ufadhili, watu walinipongeza kana kwamba kila kitu kimeshalipwa. Kweli ufadhili ulilipa ada na tiketi ya ndege, na kila mwezi unanipa posho. Ila ufadhili wa namna hii unakusubiri mlangoni kwake. Kufika hapo mlangoni ni juu yako. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kuna kipimo cha kifua kikuu kwa ajili ya viza. Kuna basi la Mpanda hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, kwenda na kurudi, mara mbili. Mjomba aliuza magunia sita ya mpunga. Hakuitisha kikao cha ukoo wala hakuniandikisha deni. Alikuja nyumbani na pesa kwenye mfuko wa rambo, akampa mama, akaomba maji ya kunywa.

Safari zile mbili za Dar bahari sikuiona. Nilifikia Mbezi, ile ya stendi, si ile ya ufukweni, nikahangaika na makaratasi, nikarudi. Shule ya msingi Mpanda tulikariri kwamba maji yakijaa hupwa, tukaandika maana yake kwenye mtihani na kupata alama zote, na hakuna hata mmoja darasani, nadhani hata mwalimu, aliyewahi kuyaona yakipwa. Maji makubwa niliyoyajua mimi ni ya Ziwa Tanganyika, kule Karema. Kwa hiyo waliposema twende baharini, ndani yangu kitu kiliitika kabla akili haijapiga hesabu.

Treni ya kwenda huko huvuka daraja la chuma jekundu lililofunguliwa mwaka 1890. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikumbuka reli yetu, tawi linalotoka Kaliua, ambalo Waingereza walilijenga ili kutoa madini ya risasi Mpanda. Madini yale yalikwisha zamani, watu tukabaki na treni. Nilitaka kuwasimulia, kisha nikaona hadithi ni ndefu. Tulishuka Leuchars, tukapanda basi, tukafika.

Nitasema ukweli wote, pamoja na sehemu isiyonipendezesha: nilifurahi. Nilifurahi sana. Mchanga wa West Sands unakwenda kiasi cha kilomita tatu bila kukatika, na siku hiyo ulikuwa na upepo wa kuangusha mtu. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba niliingia hadi magotini nikapiga yowe, na rafiki yangu Mghana akapiga yowe la kunijibu. Niliwaambia kwamba ziwa la kwetu lina kina cha mita 1,470 ilhali hii Bahari ya Kaskazini kwa wastani haifiki hata mita 100, wakabisha mpaka wakatafuta kwenye simu. Niliacha viatu mchangani kama ninavyoviacha Karema, ambako unaoga, unarudi, unavikuta. Niliporudi kimoja kilikuwa kinaelea. Maji yalikuwa yanajaa. Nilicheka peke yangu kama mwehu: hatimaye jibu la mtihani wa darasa la sita nilikuwa nimelishika mkononi, limelowa chapachapa.

Usiku, kwenye vitanda vya dabodeka, rafiki yangu wa Kisumu aliweka picha yetu mtandaoni na kutaja jina langu. Baada ya dakika chache mdogo wangu alikuwa ameiona.

“Dada umependeza. Kumbe mko karibu na bahari!”

Hakuandika kingine. Mama naye, kwa mwaka mzima, hajawahi kuitaja picha ile.

Sikulala. Katika somo letu la maadili tulikuwa tumesoma makala ya Peter Singer ya mwaka 1972, ile ya mtoto anayezama kwenye bwawa. Unapita njiani, unaweza kumtoa, hasara yako ni kulowesha nguo tu. Kila mtu anakubali kwamba kumpita ni uovu. Basi, anauliza Singer, mtoto akiwa mbali, nchi nyingine, umbali huo unapunguza nini kwenye wajibu wako? Darasani nilikuwa mtetezi wake mkubwa. Sasa nilikuwa nimelala mita mia chache kutoka baharini, na nguo zangu zilikuwa zimelowa kwa starehe.

Lakini kadiri nilivyoigeuza hoja ile, niliona haikuwa saizi yangu. Singer anazungumzia mgeni, mtu usiyemdai wala asiyekudai. Mjomba si mtoto wa bwawani. Ikibidi tutumie mfano huo, aliyekuwa bwawani ni mimi, na yeye ndiye aliyelowesha nguo. Kumpa mgeni ni huruma. Kumpa mjomba ni jambo jingine ambalo “deni” nalo halilitoshi, kwa sababu deni lina kiwango na siku ya mwisho, na hili halina. Afrika Kusini wamelipa jina la Kiingereza lenye maana ya kodi ya mtu mweusi, na rafiki yangu wa Kisumu hulitumia kila mwisho wa mwezi. Mimi jina hilo linanikwaza. Kodi hukatwa na mtu asiyekujua.

Aliyenikaribia zaidi ni Nyerere, ambaye naye alisoma chuo hikihiki kati ya 1949 na 1952. Akiwa Rais, miaka ya 1960, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Mfano huo haunipi pa kujificha. Magunia sita yale niliyala mimi.

Hata hivyo, pale kitandani nilimuuliza Mwalimu swali ambalo mfano wake haujibu: huyo mtu aliyetumwa, njiani, anaruhusiwa kukaa chini ya mti? Akikuta mto, anaruhusiwa kuogelea? Asubuhi nilimuuliza rafiki yangu wa Kisumu hilohilo, kwa Kiswahili ili wengine wasisikie.

“Hata maksai hufunguliwa nira,” akasema. “Asipofunguliwa atakufa kwa mtaro, na wewe utabaki na jembe.”

“Maksai hadanganyi kwamba hakufunguliwa,” nikamwambia.

Alinyamaza, kisha akacheka. “Ulisema hazijaingia, si ndiyo? Sisi sote husema hivyo.”

Ni kweli, sote husema hivyo. Sentensi hiyo naamini unaijua, msomaji, hata kama hujawahi kutoka nje ya nchi. Aliyepangiwa kazi Dodoma huisema kwa wazazi wake Kigoma. Ni uongo wa adabu: haumkatai mtu, haumvunjii heshima, unasukuma tu lawama kwa benki. Nilijiambia sikuwa nimemkataa mjomba, nilikuwa nimemwahirisha. Jumapili usiku nilikopa pauni 50 kwa rafiki yangu Mghana, na Jumatatu asubuhi nikatuma laki na nusu kamili. Nikaona nimetoka salama: bahari nimeiona na mjomba amepata. Nani aliyeumia?

Jibu nililipata mwezi Julai, kwa bahati mbaya, mama alipokuwa akisimulia habari za mavuno. Ijumaa ile jirani mmoja alikuwa tayari kumkopesha mjomba pesa za vibarua. Mjomba alimshukuru akakataa, akasema mwanangu wa Ulaya anatuma Jumatatu. Aliwaahidi vibarua hivyohivyo. Walisubiri Jumamosi, Jumapili wakaenda shamba jingine lenye hela mkononi. Pesa yangu ilipofika hakukuwa na mtu wa kuipokea kwa kazi. Kweleakwelea hawaahirishwi. Kufikia katikati ya juma, mjomba alimuuzia mfanyabiashara sehemu ya mpunga ungali shambani, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Mama alikadiria hasara kuwa magunia manne. Alisimulia bila kunilaumu, kwa sababu kwa ufahamu wake benki ndiyo iliyochelewa.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika sura. Miezi miwili nilikuwa nimejiuliza kama nilikuwa na haki ya kwenda baharini, na nilikuwa nimeshapata majibu mazuri ya pande zote mbili. Kumbe bahari haikumgharimu mjomba chochote. Ningemwambia “mjomba, mwezi huu siwezi,” angekopa kwa jirani na kuvuna Jumamosi. Ningekopa siku ileile ya Ijumaa nikatuma, angevuna pia. Kilichokula magunia manne ni neno “Jumatatu”. Nilimpa tarehe ambayo sikuitoa kwa sababu ya hali halisi; niliitoa ili wikiendi yangu iwe na amani. Yeye aliichukua kama taarifa, akajenga juu yake, kama mtu mzima yeyote anavyopanga shughuli zake kwa habari alizonazo.

Na kwa nini sikusema tu kwamba siwezi? Hapo kuna kitu kibaya kuliko uchoyo. Niliamini kwamba watu wa nyumbani hawawezi kuelewa. Kwamba mtu anayehangaika na ndege shambani hawezi kuambiwa “nataka kuiona bahari” asione ni tusi. Lakini ni mjomba yupi huyo niliyekuwa namfikiria? Mjomba ninayemjua, mavuno yakiisha, hununua shati jipya kabla ya kulipa chochote. Mama kila Jumapili mchana hukaa chini ya mwembe akisukwa, na ukimletea habari ya shida saa hiyo anakwambia ngoja nimalize nywele. Watu wangu wanajua kupumzika vizuri kuliko mimi. Ni mimi, katika mwaka mmoja wa kusoma kuhusu umaskini, niliyewakata vipande nikabakiza uhitaji peke yake, halafu nikauogopa. Nilidhani uongo wangu ulikuwa heshima kwao.

Nilimpigia mjomba. Nilimwamkia, nikamweleza yote: posho ilikuwa imeingia, nilikwenda baharini, Jumatatu niliitunga. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikatazama kama simu imekatika.

“Sasa mama,” akasema, “ungesema tu. Mimi ni mtu wa kuambiwa.”

Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema yameisha, nami sikumsukuma aseme. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza: “Hayo maji, ni ya chumvi kweli? Ya kushindwa kunywa?”

Nikamwambia ni ya chumvi, na kwamba huja juu na kurudi, mara mbili kwa siku, na kwamba karibu yachukue kiatu changu. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajaamua. Akaniuliza kama huko wanavua samaki gani.

Tangu siku hiyo nimeshamwambia “siwezi” mara moja, mwezi Agosti, kwa sababu ya gharama za kuchapa tasnifu. Neno lile lilinitoka kwa shida kuliko ukurasa wowote wa tasnifu yenyewe. Alijibu, “Sawa mama, nitaangalia kwingine,” na nilipokata simu mikono ilikuwa inatetemeka, ingawa hakuna aliyekuwa amekasirika.

Magunia manne sijayarudisha. Pesa ninaweza kutuma, lakini mpunga wa mwaka ule umeshaliwa na ndege na wachuuzi. Nikirudi Ilembo nitakwenda Mwamkulu kwanza, kabla ya sherehe wanayoipanga. Na mwakani, nikipata mshahara, ninataka kumpeleka mjomba Dar es Salaam, tupande gari la kwenda Mbezi ile nyingine. Nimemwambia. Nimemwambia pia kwamba sijui ni lini, na sikumtajia siku.