Sufuria Tupu na Haki ya Jirani

Ndugu msomaji, mara nyingi tunaulizwa na watu wanaoichunguza dini ya Islam: Je, dini hii humwamuru mtu anyamaze anapodhulumiwa na serikali yake? Wengine huongeza kwamba dini inayokataza fujo imewekwa kwa ajili ya kuwalinda wakubwa. Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa maneno mepesi. Yafaa tuyatazame kwanza mambo yaliyotokea kweli katika nchi moja, kisha tuyapime kwa mizani ya Kurani Tukufu.

Mwaka 1991 serikali ya Argentina iliweka sheria ya kuifunga thamani ya fedha yake na dola ya Marekani, na baadaye peso 1 ya nchi hiyo ikawa sawa na dola 1. Bei za vitu zilitulia. Watu wa hali ya kati, kama vile walimu, makarani na wenye maduka, waliona neema: wengi waliweza kununua bidhaa za ng'ambo na kuweka akiba benki. Lakini katika miaka hiyo hiyo mashirika ya umma yaliuzwa, viwanda vingi vikafungwa, na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi. Mwaka 1996 wakazi wa Cutral Có, mji uliotegemea kazi za mafuta, walifunga barabara wakidai riziki yao. Watu wengi wenye nafasi waliwahesabu wafunga barabara hao kuwa wasumbufu tu. Oktoba 2001 wasio na kazi walikuwa wamezidi asilimia 18 ya watu wenye kuitaka, na bado katika mitaa ya wenye nafasi kulikuwa kimya.

Kisha zamu yao ikafika. Mwanzoni mwa Desemba 2001, serikali ilipoona watu wanakimbilia kutoa fedha zao benki, iliamuru kwamba mtu asitoe fedha taslimu zaidi ya peso 250 kwa wiki. Akiba ya miaka mingi ikawa imefungiwa. Baadhi ya watu wenye njaa wakaanza kuvamia maduka ya vyakula. Usiku wa tarehe 19 Desemba Rais Fernando de la Rúa alitangaza hali ya hatari. Papo hapo watu wa Buenos Aires wakatoka majumbani mwao na sufuria na miiko mikononi, wakizigonga na kudai kwamba viongozi wote waondoke. Kesho yake Rais alijiuzulu akaondoka kwa helikopta. Zaidi ya watu 30 waliuawa katika ghasia za siku hizo, na hadi tarehe 2 Januari 2002 watu 5 walikuwa wameshika madaraka ya urais mmoja baada ya mwingine.

Sasa tujiulize: Je, watu hawa walikosea kulalamika? Hasha! Fedha iliyowekwa benki ni amana, na mwenye amana anayo haki ya kuidai. Msomaji apendaye kuchunguza na aangalie mpango wa aya katika Sura An-Nisaa. Ile aya inayoamuru kuwatii wenye mamlaka (4:60) imetanguliwa na aya nyingine (4:59) inayoamuru kwamba amana wapewe wanaozistahili, na kwamba wanaohukumu wahukumu kwa uadilifu. Mwenyezi Mungu amemfunga mtawala kwanza, ndipo akamfunga raia. Basi serikali iliyowaahidi watu Januari 2002 kwamba aliyeweka dola atarudishiwa dola, kisha ikazigeuza dola zao kwa kiwango cha peso 1.40, hali katikati ya mwaka dola 1 ilikuwa imepita peso 3 sokoni, haiwezi kujificha nyuma ya aya ya utii.

Lakini haki yao ya kulalamika haituzuii kutazama wakati walipoanza. Kwa nini sufuria hazikugongwa mwaka 1996? Jirani yao alikuwa na sufuria tupu tangu miaka mingi, lakini mlio ulisikika pale tu sufuria zao wenyewe zilipoguswa. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye kile anachojipendelea mwenyewe. Na Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hashr (59:8), inatoa sababu ya mali kugawiwa maskini: isiwe ikizunguka baina ya matajiri peke yao. Hakusemwa kwamba dhuluma huanza inapomfikia mtu wa hali ya kati. Kweli, kwa muda mfupi wagonga sufuria na wafunga barabara waliandamana pamoja, lakini umoja uliozaliwa na hasara ya pamoja haukudumu.

Tena ugongaji wa sufuria peke yake si ushahidi wa haki. Desemba 1971, katika mji wa Santiago nchini Chile, wanawake, wengi wao wa mitaa ya watu wenye nafasi, waliandamana na sufuria dhidi ya serikali ya Salvador Allende kwa sababu ya uhaba wa vyakula. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi liliipindua serikali hiyo, na maelfu ya watu wakauawa au wakapotea. Mwaka 1983 sufuria zikasikika tena Santiago, mara hii dhidi ya wanajeshi. Chombo ni kile kile. Linalotakiwa kupimwa ni moyo wa anayekigonga na mwisho wa jambo analolitaka.

Historia ya Islam inayo habari ya sufuria nyingine. Imesimuliwa kwamba usiku mmoja Khalifa wa pili, Hadhrat Umar r.a., akizunguka nje ya Madina, alimkuta mwanamke aliyetia maji katika sufuria motoni ili watoto wake wenye njaa wadhani chakula kinapikwa, mpaka walale. Mwanamke yule, asimtambue, alimlaumu Umar waziwazi kwamba anatawala watu asiojua hali zao. Hadhrat Umar r.a. hakukasirika wala hakumwita mwasi. Alikimbilia ghalani, akajitwika unga mgongoni mwake, na mtumishi wake alipotaka kumpokea alimwuliza kama ataubeba mzigo wake Siku ya Kiyama pia. Hapo mtawala aliitafuta sufuria tupu kabla haijagongwa, na raia alisema ukweli bila ya kuvunja kitu.

Basi njia ya mwumini ni ipi? Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika masharti 10 ya baiat aliyoyatangaza mwaka 1889, amewataka wafuasi wake wajiepushe na fasadi na uasi, na wasiwaudhi viumbe vya Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Lakini pia amewataka wawahudumie wanadamu wote. Anayeshika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili hajashika baiat yake. Na Mtume Mtukufu s.a.w. amelitaja neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora. Neno hilo huhitaji ushujaa kuliko jiwe, kwa maana mwenye kurusha jiwe hujificha katika kundi.

Huenda mtu akasema ni rahisi kuwahubiria wengine subira. Ajue kwamba Jumuiya ya Ahmadiyya imeonja dhuluma ya serikali. Mwaka 1974 Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih wa tatu, alisimama mbele ya Bunge la Pakistan na kujibu maswali kwa siku 11. Hata hivyo Katiba ikabadilishwa ili Waahmadiyya wahesabiwe kuwa si Waislamu. Mwaka 1984 ikatolewa sheria ya kuwafunga gerezani wakijiita Waislamu au wakiadhini. Hawakuchoma duka la mtu wala hawakufunga barabara. Walisema ukweli, walikwenda mahakamani, waliomba dua, na wengine wakahama. Subira hiyo haikuwa kimya.

Ewe ndugu unayeitafuta haki, kabla bei haijakuguza wewe, uliza jirani yako amepika nini leo. Ukimwona ana shida, msaidie kwa ulicho nacho, umwombee, na umsemee kwa wenye mamlaka kwa njia halali, hata kama serikali hiyo inakupendelea wewe. Ukifanya hivyo wakati wa neema yako, maneno yako wakati wa dhiki yatakuwa na uzito mbele ya watu na mbele ya Mungu. Mwenyezi Mungu awape watawala wetu macho ya kuziona sufuria tupu, na atupe sisi masikio ya kuzisikia kabla hazijalia. Amin.