Mgeni Njoo: Ni Nani Apone?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii sote twaifundisha darasani, na kwa kawaida twaifasiri hivi: mgeni huja na baraka, na ajapo, hata mwenye nyumba hupata kula kile asichokila siku zote. Lakini ni mara chache tunapojiuliza swali la pili: mwenyeji akisha kupona, mgeni naye je? Yawezekana karamu ikamponya aliyealika na kumwuguza aliyealikwa. Je, ukarimu ni kutoa tulicho nacho, au ni kutoa kile ambacho mgeni aweza kukipokea? Hilo ndilo nitakalo tulichunguze.

Huku Nagongera, mji mdogo wa wilaya ya Tororo ulio kwenye reli itokayo Tororo kwenda Jinja, kiangazi kianziacho Desemba ndicho msimu wa wageni. Shule zimefungwa, na watu wa nyumbani hurejea kutoka Kampala, Nairobi na mbali zaidi. Wakwe na marafiki huvuka mpaka kwa njia ya Busia na Malaba. Mbuzi huchinjwa, makaa huwashwa, na nyama ya kuchoma hugawiwa chini ya mwembe. Nchini Uganda nyama hiyo huitwa "muchomo", neno lililotokana na kitenzi chetu "choma". Kando yake huwekwa ugali wa wimbi na muhogo, majani ya kunde na mchuzi wa karanga. Nao wazee hukizunguka chungu cha pombe ya wimbi wakinywa kwa mirija mirefu.

Sasa na tumfikirie mtu mmoja katika duara hilo. Ana vidonda vya tumbo. Au mafuta ya nyama humletea kiungulia usiku kucha. Au kikombe kimoja cha chai ya maziwa humvuruga tumbo. Anamega kidogo, anaisogeza sahani kando, anasema, "Nimeshiba." Mwenyeji anaona nini? Aghalabu haoni maradhi, huona dharau. Wengine huona jambo baya zaidi: kwamba mgeni anakishuku chakula, kana kwamba kimetiwa kitu. Hapo urafiki wa miaka mingi huingia ufa kwa sababu ya pande moja la nyama.

La kustaajabisha ni kwamba sisi hawa hawa twajua sana kumstahi mgeni kwa sababu nyingine. Tukimwalika Mwislamu, twamwomba Mwislamu mwenzake aje achinje. Na nyama ya nguruwe, ingawa yapendwa na wengi huku kwetu, hatuthubutu kuisogeza karibu na chakula chake. Hatumwambii, "Onja kidogo tu, haitakudhuru." Lakini mwenye tumbo dhaifu twamwambia maneno hayo mara kumi. Kwa nini katazo la imani tuliheshimu, na katazo la mwili tulifanyie mzaha? Nadhani sababu ni kuwa imani ina umati wa kuishuhudia, hali maumivu ya tumbo yana shahidi mmoja tu, naye ni huyo mwenye kuumwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni madeko ya watu wa mjini. La hasha. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi walioufanya papa hapa Uganda. Walionyesha kuwa upungufu wa kimeng'enya kinachoyeyusha sukari ya maziwa ulikuwa mwingi zaidi kwa watu wa jamii za wakulima kuliko wale wa jamii za wafugaji. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff, waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walieleza kuwa uwezo wa mtu mzima kuyeyusha sukari hiyo ulizuka Afrika kwa njia yake, mbali na ule wa Ulaya. Vidonda vya tumbo navyo vilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa matokeo ya wasiwasi na pilipili, hata Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipogundua kuwa vingi husababishwa na bakteria, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Basi matumbo hayakutoka katika kalibu moja. Anayekikataa kikombe huenda anautii urithi wa mababu zake, kama nasi tunavyozitii desturi za mababu zetu.

Kuna pingamizi nzito zaidi: mwenye mbuzi mmoja hawezi kupika vyungu saba. Hilo ni kweli, na ukarimu haudai lisilowezekana. Lakini tazama jinsi linalowezekana lilivyo dogo. Pilipili na itiwe katika bakuli lake, isipakwe nyama yote. Sehemu isiyo na mafuta na ichomwe polepole, mbali na ndimi za moto, iive ndani bila kuungua nje. Maharage na yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Chai ya rangi na ikae kando ya ile ya maziwa. Na haya yote yawekwe mbele ya watu wote, kila mtu ajichagulie; kwani sahani iliyotangazwa kuwa ni "ya mgonjwa" humwaibisha mtu kuliko njaa. Gharama yake si fedha, ni fikira.

Mgeni naye ana wajibu wake. Asemaye "nimeshiba" na huku ana njaa anamwacha mwenyeji gizani, kisha anamlaumu kwa kutoona. Mficha uchi hazai. Neno moja la faragha, kabla mbuzi hajachinjwa, huondoa shaka zote. Wala asidai karamu nzima igeuzwe uji kwa ajili yake. Moto na uwake, na wenye meno watafune.

Mwishowe, walimu wenzangu, swali letu larudi kwenye nia. Karamu hufanywa kwa ajili ya nani? Anayelisha ili asifiwe huhesabu mifupa iliyobaki jioni. Anayelisha kwa ajili ya mgeni humwuliza asubuhi, "Umelalaje?" na huogopa jibu kidogo. Tutakapoifundisha tena methali ile, tusiwaache wanafunzi wetu wadhani kuwa kupona ni haki ya mwenyeji peke yake.