Ni Nani Aliyeunguza Amplifaya?

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita sebuleni kwa rafiki yetu mmoja, Sinza, tumetulia kama wageni wa arusi wanaosubiri pilau. Mwenyeji alikuwa amepata amplifaya mpya. Mpya kwake, maana ilishuka na kontena la mitumba kutoka Japani: zigo la chuma, uso wa rangi ya fedha, kitufe cha sauti kikubwa kinachojaa kiganjani. Akaweka santuri ya Marijani Rajab na Dar International, akachomeka waya ukutani, akabonyeza.

Taa ya mbele iliwaka kwa mng'ao wa ajabu. Amplifaya ikanguruma. Halafu pu! Moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye matundu ya juu, na sote sita tukakunja pua kwa pamoja.

"Umeme wetu huu, jamani!" akasema mwenyeji. "Umekuja kwa nguvu!"

Wote tukaitikia. Lakini pangaboi juu ya vichwa vyetu lilikuwa linazunguka kwa uvivu wake uleule, na friji jikoni ilikuwa inaunguruma kama kawaida. Nikainama nyuma ya kabati na tochi ya simu. Kuna kibandiko kidogo pale, na kimeandikwa 100V. Kwao Japani umeme wa majumbani ni volti 100. Soketi zetu zinatoa 230. Dawa yake ni transfoma ya kupunguzia umeme, na Kariakoo zimejaa. Nikainuka, nikajifuta vumbi magotini, nikanyamaza. Mgeni hamsomei mwenyeji kibandiko mbele ya watu.

Basi maafa hayo yakafungua midomo. Wapenzi wa muziki wa sebuleni ndivyo tulivyo, mmoja akiunguza wenzake humliwaza kwa ajali zao. Wa kwanza akasema yake iliuawa na mjusi aliyeingia ndani kutafuta joto. Wa pili, dada wa kazi alifuta vumbi kwa nguvu akapinda sindano ya kuchezea santuri. Wa tatu alikaa mwezi mzima bila bezi, kisa mkwe wake alibadilisha nyekundu na nyeusi kwenye spika moja, kwa hiyo spika ya kulia ikisukuma hewa, ya kushoto inavuta. Wa nne akalalamikia upepo wa bahari uliomlia sponji za spika mpaka zikawa unga. (Sikutaka kumwambia kwamba sponji hizo huoza hata Dodoma.)

Tulicheka sana. Ila nilipofika nyumbani kicheko kile kilinigeukia. Mjusi, dada wa kazi, mkwe, bahari, umeme. Katika sebule nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuharibu kitu kwa mkono wake.

Nami nilikuwemo. Nilipofikiwa na zamu nilisimulia habari ya fundi wa Magomeni aliyeniharibia amplifaya mwaka 1998. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi mno, na kila mara watu hucheka palepale. Sasa nisimulie ilivyokuwa.

Fundi yule alinitengenezea vizuri. Nikairudisha nyumbani jioni, wageni wako njiani, nikaanza kufunga spika huku amplifaya inawaka, kwa sababu nilitaka kusikia mara moja kama inapiga. Sikuwa na koleo. Nikamenya waya kwa meno. Ukimenya waya wa spika kwa meno, nyuzi zake za shaba hazikai pamoja, hutawanyika kama ndevu za mahindi. Uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, ukatoka kwenye nyekundu ukalala juu ya nyeusi. Nikasikia tiki. Upande wa kulia ukafa.

Niliuona uzi ule. Nikautoa kwa kucha, nikazisokota upya nyuzi zote zikakaa sawa, na kesho yake nikambebea fundi amplifaya nikiwa nimekasirika kwelikweli. Akafungua mbele yangu. Akagusa kwa ncha za mita yake transista mbili za kulia, zile za kofia ya chuma, 2N3055, akatikisa kichwa. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, nyaya zako hazikugusana?"

Nikasema hazikugusana.

Hakubishana. Aliingiza mkono kwenye droo, akatoa transista mbili, akazifunga kwa gharama yake. Nilivyomwona, alijua. Mimi nikaenda kuwaambia marafiki kwamba kazi yake ya ovyo, na marafiki zangu wakati ule walikuwa ndio wateja wake.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa: mafundi nao si malaika! Unampelekea redio ina spea nzima, unarudishiwa yenye spea za kuokoteza. Kweli, nami nimeshalizwa hivyo. Lakini wizi wa fundi mwingine haulipi transista za fundi wangu. Au utasema ni jambo dogo, utani wa wanaume kwenye viti. Kwetu sisi ni utani. Dada yule wa kazi yeye alikatwa mshahara kwa sindano ile. Mwenyewe bosi wake alitutajia hivyo huku akicheka, nasi tukacheka. Hakuna aliyeuliza kama kweli ni yeye aliyeipinda, au ni bosi aliyeishusha mkono umelegea usiku wa manane.

Mimi naona mtu aliyeunguza chombo chake aseme nimeunguza. Tunamwaga mamilioni tupate sauti safi isiyo na mikwaruzo, tena kwa nyimbo ambazo nyingi zilirekodiwa mono, spika moja ingetosha, halafu tunakaa mbele ya mitambo hiyo tukidanganyana. Mwenyeji wa Jumamosi nimeshampigia simu nikamweleza habari ya volti 100. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataulizia bei ya transfoma.

Juzi nilikwenda Magomeni. Banda la fundi halipo, pamekuwa kibanda cha kutuma na kupokea fedha, na kijana aliyemo hajui kwamba paliwahi kuwa na fundi redio. Amplifaya bado ninayo. Upande wa kulia unapiga mpaka leo, kwa transista zile mbili alizozitoa kwenye droo yake.

Fundi, kama gazeti hili limekufikia: ndiyo, nyaya ziligusana. Nipigie, nina deni lako.